Hesabu za Mazwi na Wezi Wasiohitaji Mahindi

Msimu wa mahindi ukifunguka Ufipa, kompyuta moja ya duka la jumla pale Mazwi, mjini Sumbawanga mkoani Rukwa, hubeba mambo ambayo mwenye duka hawezi kuyashika yote kichwani: nani kachukua mbolea kwa mkopo, magunia mangapi yameingia stoo kutoka Laela na Matai, dereva yupi kalipwa nusu na anadai nusu akishusha Tunduma. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo kijana wa kaunta huchomekea flashi ya nyimbo jioni wateja wakipungua.

Wezi wanaoteka kompyuta hawana haja na mahindi wala mbolea. Wanachojua ni kwamba mwenye hesabu hawezi kuishi bila hesabu zake. Kirusi chao kikishapenya hufunga mafaili yote kwa msimbo usiofunguka bila ufunguo, kisha kwenye kioo hutokea ujumbe wa kudai fedha. Siku hizi wengi huyanakili mafaili kwanza, ili mwathirika akikataa kulipa watishie kuyaanika.

Wapo wafanyabiashara wanaoamini umbali wa Rukwa unawakinga. Lakini Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150, na kila mwathirika akadaiwa dola 300 za kuanzia. Hakuna aliyekaa akachagua wa kumteka. Kirusi kilikwenda chenyewe kikitafuta Windows yenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka chake tangu Machi mwaka huo. Walioumia ni ambao hawakuwa wameweka kiraka.

Hapo ndipo Sumbawanga, kama miji mingi ya mikoani, inapoumia. Kompyuta ikisumbua, fundi hupiga window kutoka kwenye flashi yake, na kwa kuwa leseni haijalipiwa huweka na kiprogramu cha kuidanganya, ambacho mara nyingi hutaka antivairasi izimwe kwanza. Mteja analipia kazi ya siku moja na kuondoka na mlango usio na komeo. Kwa maoni yangu, leseni halali ndiyo matumizi ya kwanza ya ulinzi, kabla ya kifaa chochote cha bei kubwa.

Mlango wa pili ni ule wa kuingilia kutoka mbali. Aliyeuza programu ya hesabu yuko Mbeya au Dar es Salaam, na tatizo likitokea huingia kwenye kompyuta ya duka kwa intaneti. Ni sawa, ila mlango huo ufunguliwe kwa saa ya kazi na kufungwa, nenosiri lisiwe jina la duka, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Wai-fai ya wateja nayo itengwe na kompyuta ya hesabu.

Hata wenye wataalamu huguswa. Mei 2022 Benki Kuu ya Zambia, nchi iliyo ng'ambo tu ya mpaka wa Kasesya, ilivamiwa na kundi la wezi hawa liitwalo Hive. Baadhi ya mifumo ikakwama, ukiwamo wa kufuatilia maduka ya kubadilishia fedha, lakini mifumo mikuu ilikuwa imekingwa, na benki ikakataa kulipa hata senti. Kenya, mwaka uliofuata, maduka makubwa ya Naivas yalikiri kushambuliwa na taarifa kuibwa.

Kisa kinachomfaa zaidi mfanyabiashara wa mji unaokatikiwa umeme ni cha Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kwa njia ya masasisho ya programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Kampuni ililazimika kusuka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji wote wa mtandao wake zilifutika duniani kote, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana. Iliponea kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa mtandaoni. Diski yake ikasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza.

Kwa duka la Mazwi, maana yake ni diski ya nje inayochomekwa jioni, ikapokea nakala, kisha ikachomolewa na kwenda kulala kwingine. Inayobaki imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta. Nakala ya mtandaoni nayo husaidia, mradi huduma yenyewe itunze matoleo ya zamani ya mafaili. Na mara moja kwa mwezi nakala ijaribiwe kufunguliwa. Wengi hugundua haifunguki siku ya msiba. Madeni ya wakulima mimi ningeendelea kuyaandika pia kwenye kaunta buku, hata kijana wa kompyuta akicheka.

Kulipa ni kubahatisha. Waliolipa NotPetya hawakurudishiwa kitu, na tangu Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilikwisha kuonya dhidi ya sarafu za kimtandao ambazo wezi hawa hudai. Afadhali kuchomoa waya wa mtandao, kupiga picha ujumbe, na kutoa taarifa polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inautambua uhalifu huu. Kipo pia kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, TZ-CERT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kisha fundi azuiwe kupiga window juu ya diski iliyofungwa. Mwenye duka anunue diski nyingine, ya zamani ihifadhiwe kabatini. Januari 2023 Marekani ilitangaza kwamba FBI walikuwa wamejipenyeza kimyakimya ndani ya Hive, kundi lile lile lililoivamia Zambia, na kugawa funguo kwa waathirika zaidi ya 1,300. Aliyekuwa ameshafuta diski yake hakuwa na cha kufungua.