Askari wa Kidimbwi

Sulemani alimpeleka mvivu kwa chungu akajifunze. Mimi leo nakupeleka kwenye kidimbwi, maana huko nilifundishwa kwa aibu.

Nyumbani kwangu Bungoma nina kidimbwi bustanini, chenye matete kandokando. Mwaka mmoja mtoto wangu alishikwa na malaria, akawa taabani. Alipopona, nilimwaga oili chafu kidimbwini kwa hasira. Kesho yake wadudu walikuwa wameelea, wamekufa. Nilifurahi. Kumbe niliwaua askari wangu mwenyewe!

Mzee mmoja wa Kitale alinieleza. Kereng'ende hutaga mayai yake majini. Mtoto wake hana mabawa wala uzuri. Hukaa topeni majuma au miezi, na aina nyingine hata miaka, akivua ngozi mara nyingi. Mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Huufyatua ghafula na kunasa viluwiluwi vya mbu. Siku yake ikifika hupanda tete, ngozi hupasuka mgongoni, naye hutoka na mabawa manne. Hata angani huendelea kuwakamata mbu.

Basi mbu walitoka wapi? Mbu wa malaria hupenda maji madogo yenye jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya udongo wa matofali. Humo mbu hukua kwa majuma mawili au pungufu, kisha maji hukauka kabla kereng'ende hajakomaa. Nilimwaga sumu penye walinzi, nikaacha mlango wa adui wazi.

Karibu na Kitale kuna kinamasi cha Saiwa, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Kwa kumlinda mnyama mmoja, wadudu wasiohesabika nao walipata makao. Mimi nilifanya kinyume: nikimwinda adui mmoja, niliangamiza wote.

Niliteka oili ile, nikafukia mashimo. Baada ya mvua kereng'ende walirudi. Lakini hawatoshi peke yao: mtoto na alale ndani ya chandarua chenye dawa, na akipata homa apelekwe hospitali mapema.

Ndugu yangu, hasira humpiga aliye karibu, si mwenye kosa. Kabla hujamwaga chochote leo, nyumbani au kanisani, chungulia kwanza majini. Mungu akubariki.