Profesa Ndulu na Pesa Zilizomo Kwenye Simu

Tunapotembelea vikundi vya kuweka na kukopa hapa Ufipa, tangu Laela hadi Matai, swali moja hurudi: pesa zilizomo kwenye simu ziko wapi hasa, na kampuni ikifilisika je? Jibu lake limo ndani ya kazi ya marehemu Profesa Benno Ndulu.

Alizaliwa mwaka 1950. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata shahada ya uzamivu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, akarudi kufundisha Mlimani. Baadaye aliongoza AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi yenye makao Nairobi iliyosomesha wachumi wengi wa Afrika, kisha akafanya kazi Benki ya Dunia. Januari 2008 akawa Gavana wa Benki Kuu, akaongoza miaka kumi.

Mwaka huohuo wa 2008 M-Pesa ilianza nchini, na sheria mahususi ya kuisimamia haikuwepo. Gavana mwoga angeizuia. Benki Kuu chini yake iliruhusu huduma hizo kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, ikajifunza zinavyokwenda, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ikaja mwaka 2015. Kwetu sisi huo ndio usomi wa kweli: kuchunguza kwanza, kutunga sheria baadaye.

Lakini sharti moja halikulegezwa. Kampuni ya simu lazima iweke benki, katika akaunti ya amana, fedha zinazolingana na salio la wateja wote. Fedha hizo ni za wateja. Kampuni hairuhusiwi kulipia madeni yake. Mkulima wa Mtowisa akilipwa mpunga wake kwa simu, shilingi zake zipo benki, ingawa yeye hajawahi kuingia benki. Wengi wetu tunakumbuka kupanda gari la Sumbawanga na fedha za mahindi zimefungwa kwenye khanga!

Profesa Ndulu alifariki tarehe 22 Februari 2021. Akaunti ya amana haimlindi anayemtajia mtu namba ya siri, wala haipunguzi makato ya kutoa fedha, ambayo kwa mwenye kiasi kidogo ni kero. Kikundi kinachotaka kuacha sanduku la kufuli tatu kipige kwanza hesabu ya makato hayo kwa mwaka mzima.