Dakika Zisizohesabiwa

Mwaka 2010, Ctrip, kampuni ya kupanga safari na kuuza tiketi yenye makao Shanghai, China, ilianza jaribio. Wahudumu wake wa simu 249, wote wakiwa wameomba wenyewe, waligawanywa kwa siku za kuzaliwa: wa tarehe shufwa wafanyie kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wa tarehe witiri wabaki ofisini. Baada ya miezi tisa, mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walikuta kundi la nyumbani limewazidi wa ofisini kwa asilimia 13 ya ufanisi, na walioacha kazi wamepungua kwa nusu.

Hata hivyo, washiriki walipopewa nafasi ya kuchagua upya, zaidi ya nusu walibadili uamuzi wao. Sababu kubwa ilikuwa upweke.

Inakuwaje mtu achape kazi vizuri zaidi mahali ambapo moyo wake umepwaya? Jibu limo ndani ya ile asilimia 13. Sehemu kubwa yake haikutokana na kasi. Ilitokana na kukaa kwenye simu muda mrefu zaidi katika zamu ileile. Mapumziko yalipungua, na siku za ruhusa ya ugonjwa pia. Kwa mhasibu, hizo ni dakika zilizookolewa. Kwa mwanasaikolojia, baadhi yake zilikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeiandika popote.

Chukua dakika za chai. Soga za mpira, za mtoto aliyeugua au za bei ya sukari haziingii kwenye ripoti, lakini ndizo zinazomjulisha mtu kwamba wenzake wanamwona. Mtandaoni, mtu hutafutwa pale tu panapokuwa na shida ya kikazi. Hata ukimya hubadilika maana: ofisini ungeuona uso wa mkuu wako ukajua ana haraka tu, lakini kwenye WhatsApp unabaki na alama mbili za bluu na wasiwasi.

Zipo pia dakika za kati ya kikao na kikao. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba anayeruka kutoka shughuli moja kwenda nyingine huacha sehemu ya mawazo yake kwenye ile ya kwanza, hasa kama hakuimaliza. Ofisini, kutembea kutoka chumba hadi chumba huipa akili nafasi ya kuhama. Kwenye kompyuta, kikao kipya huanza kwa kubofya mara moja. Tena vikao hivyo vina uchovu wake. Jeremy Bailenson, naye wa Stanford, alieleza mwaka 2021 kwamba mikutano ya video huchosha kwa sababu nne: nyuso zinazokukazia macho kwa karibu, kujitazama mwenyewe saa nzima kama uliye mbele ya kioo, kukosa kujinyoosha, na juhudi ya kusoma ishara za mwili ambazo ana kwa ana huzisoma bila kufikiri.

Dakika zinazochukiwa kuliko zote ni za foleni ya jioni, na hakuna anayezililia. Lakini safari ya kurudi nyumbani humpa mtu muda wa kuivua kazi. Sabine Sonnentag wa Chuo Kikuu cha Mannheim, Ujerumani, amechunguza kwa miaka mingi hali hii ya akili kuachana na kazi baada ya saa zake. Wanaoiweza hulala vizuri zaidi na huchoka kidogo. Anayefungia kompyuta kwenye meza ileile atakayolia chakula cha usiku hana budi kujitengenezea mpaka: kubadili nguo, kuzunguka mtaa, kuiacha simu ya kazi chumba kingine.

Mbinu hizo husaidia, ila haziwezi kubebeshwa mfanyakazi peke yake. Mwajiri na sheria nao wana sehemu yao. Jaribio jingine la kampuni ileile ya jaribio la kwanza, likihusisha watu 1,612 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2024, liliruhusu siku mbili tu za nyumbani kwa wiki: walioacha kazi walipungua kwa theluthi, wala ufanisi na vyeo havikuathirika. Ufaransa imeitambua kisheria haki ya kutopatikana baada ya kazi tangu Januari 2017, na nchini Kenya muswada wa aina hiyo ulifika Seneti mwaka 2022. Kote huko wazo ni moja: muda wa kupumzisha akili upangwe na wale wanaopanga kazi. Kumshauri mtu azime simu, huku bosi wake akigawa majukumu kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku, ni kumtaka achague kati ya usingizi wake na mkate wake.