Utalala wapi usiku wa leo? Kuchagua nyumba ya wageni katika muji mudogo wa milimani



Sisi watu wa miji ya migodi tunasafiri sana. Kamyo za shaba na kobalti zinatoka Kolwezi na Likasi, zinapita Kasumbalesa, zinakata inchi ya Zambia mupaka Tunduma, kisha zinaendelea mupaka Dar es Salaam. Na pahali kamyo zinapita, ndoa nazo zinapita. Leo kuna jamaa za kwetu zenye binti aliyeolewa kule Tanzania.

Tuseme basi ni wewe. Binti yako aliolewa na shofere mmoja mwenyeji wa Tukuyu. Amezaa mtoto wa kwanza. Baba, mama na watoto wawili wadogo, munafunga safari kwenda kuona mujukuu. Lakini nyumba ya vijana wale ni ndogo, na kwa desturi yetu mukwe halali ovyo kwa mukwe wake. Munafika jioni, mvua inanyesha, watoto wanalia usingizi, na feza mufukoni imehesabiwa. Mutalala wapi?

Usiseme: « Tutaona kulekule. » Mutu aliyechoka hachagui, anachaguliwa. Tuongee basi mbele ya safari.

MUJI WENYEWE

Tukuyu ni makao makuu ya wilaya ya Rungwe, katika mkoa wa Mbeya. Toka Mbeya ni karibu kilometre 70. Pale Uyole unaacha barabara kubwa ya Dar es Salaam, unakamata ile inayoshuka Kyela na mupaka wa Malawi. Ndizi huku na huku, mashamba ya chai, na mbele yako mlima Rungwe wenye metre 2.960. Muji unakaa juu kwa metre 1.500 hivi. Wakati wa ukoloni Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891.

Kitu cha kwanza utakachokamata hapo ni mvua. Kwa mwaka mmoja Tukuyu inapata zaidi ya milimetre 2.000, karibu mara mbili ya mvua ya Lubumbashi. Cha pili ni baridi. Sisi pia tunajua baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, lakini yetu ni kavu. Ile ya Tukuyu inaingia pamoja na maji, na nguo hazikauki. Weka hilo katika akili, maana baridi hiyo njo itakuletea hatari ile tutakayosema chini.

Katika miji midogo ya namna hii, nyumba nyingi za kulala wageni ni za watu wenyewe: mama mjane aliyeongeza vyumba vitano nyuma ya nyumba yake, mwalimu aliyestaafu, mfanya biashara wa sokoni. Hakuna kampuni kubwa nyuma yake. Hilo lina uzuri wake. Bei ni ya watu kama sisi, unaongea na mwenye nyumba uso kwa uso, na feza yako inalipa masomo ya watoto wa palepale. Lakini lina uzito wake pia: hakuna mkubwa mwingine aliyekwenda kukukagulia chumba. Mukaguzi ni wewe.

MANENO YA KUJUA

Kiswahili chao na chetu ni ndugu, lakini si mapacha. Ukiuliza Mtanzania: « Hoteli iko wapi? » anaweza kukupeleka pahali pa kula wali na maharagwe, maana kwao hoteli mara nyingi ni nyumba ya chakula. Pahali pa kulala wanaita gesti, ao wanaandika ku mulango: Nyumba ya Kulala Wageni. Chumba chenye choo na bafu ndani yake wanaita self. Kisicho self, munatumia choo pamoja na wageni wengine.

Neno moja la kuogopa ni gesti bubu. Ni nyumba inayopokea watu bila ruhusa ya serikali. Inaitwa bubu sababu haisemi: haina kibao, haina kitabu cha wageni. Bei yake inaweza kuwa ndogo kweli. Lakini ukiibiwa ao ukigonjwa usiku, ni nani atakayejua kama ulilala pale?

Vijana, sikieni hili pia: mukiingia, musalimie mukubwa kwa « Shikamoo ». Atajibu « Marahaba ». Mgeni anayejua salamu hiyo anapokelewa tofauti.

USILIPE MBELE YA KUONA

Mwenye gesti nzuri hakasiriki ukisema: « Mama, naomba nione chumba kwanza. » Akikasirika, umekwisha kupata jibu. Mama abaki na watoto na mizigo, baba aingie kuangalia. Ao baba abaki, mama aingie, maana mara nyingi jicho la mama ni kali zaidi. Angalia mambo matano:

1. Mulango na dirisha. Funga mulango kwa ufunguo wewe mwenyewe, kisha fungua. Kuna komeo ya ndani? Dirisha linafunguka na kufungika, ao limepigiliwa misumari?

2. Kitanda. Inua shuka, gusa godoro kwa mkono. Katika muji wa mvua godoro linaweza kuwa na unyevu, na mtoto atapiga kikohozi. Uliza kama kuna blanketi la pili. Chandarua kiwe kizima; hata milimani usilale bila chandarua.

3. Maji na choo. Fungua robine. Uliza: « Maji ya moto yapo? » Pengine watakuletea ndoo iliyochemshwa jikoni. Ni vizuri kabisa, lakini ujue ni saa ngapi.

4. Kelele. Nyumba nyingine ni baa mbele na vyumba nyuma. Saa kumi na mbili ya jioni ni kimya. Saa nne ya usiku muziki unapiga, walevi wanagonga milango. Kwa jamaa yenye watoto, ao kwa binti anayesafiri peke yake, hapo si pahali, hata bei ikiwa nusu.

5. Nani analala hapa usiku? Hilo ni swali kubwa kupita yote. Nyumba ambamo mwenyewe ao mlinzi anakesha, na unajua mulango wa kugonga kama mtoto anapata homa, ni bora kuliko nyumba ya vigae vipya ambamo mutu anachukua feza na kwenda kwao.

Kisha ongea bei. Uliza: « Ni bei ya chumba ao ya mutu? Watoto wanalipa? Chai ya asubuhi iko ndani? Tunatoka saa ngapi? » Kule mara nyingi ni saa nne ya asubuhi, ni kusema 10 h 00. Na kumbuka: saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Katanga kwa saa moja. Ukiisha kulipa, omba risiti.

Juu ya dola: kwetu tunalipa dola kila pahali. Kule, tangu 2025, sheria inataka bei za ndani ya inchi zitolewe na kulipwa kwa shilingi. Basi badilisha feza benki ao kwenye duka la kubadilisha lenye ruhusa, kule Tunduma ao Mbeya, mbele ya kupanda mlima. Usibadilishe usiku mkononi mwa kijana wa stendi.

KITABU CHA WAGENI

Wataleta kitabu kikubwa. Utaandika jina, unatoka wapi, unakwenda wapi, kazi, namba ya pasiporti. Pengine kuna mustari wa kabila pia. Watu wetu wengine wanaogopa, sababu ya mambo tuliyoyaona kwetu. Usiogope. Ni utaratibu wa kawaida, mwenyeji wa Mbeya naye anaandika. Andika jina la kweli. Lakini pasiporti usiiache pale ofisini: waisome, waandike namba, wakurudishie.

MBABULA CHUMBANI: HAPANA!

Sasa, mpendwa msomaji, tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike habari hii.

Saa tatu ya usiku. Baridi imeingia mu mifupa. Mtoto mdogo anatetemeka. Kijana wa gesti, kwa roho nzuri kabisa, anakuambia: « Baba, nikuletee jiko la mkaa? Litawapa joto. » Analeta mbabula yenye makala mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo. Unashukuru. Unafunga mulango, unafunga dirisha sababu ya mvua, munalala. Na pengine hamutaamuka.

Makala yanapowaka pahali pasipo hewa ya kutosha yanatoa gazi inayoitwa monokside ya karbone. Haina harufu. Haina rangi. Moshi ukiisha, watu wanasema: « Sasa ni safi, ingiza ndani. » Kumbe gazi iko palepale katika makala mekundu. Mutu akiivuta, inashika damu yake kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni, na mwili unakosa hewa hata kama kifua kinapumua. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Lakini aliyelala hasikii hayo. Anapita toka usingizi kuingia kifo. Watoto wadogo, mama mwenye mimba na mtoto aliye tumboni wanapatwa zaidi.

Wachimbaji wetu wanamjua adui huyu. Pompe yenye motere ya esansi ikiwashwa ndani ya shimo, watu wanaanguka mmoja nyuma ya mwingine. Anayeshuka kuokoa mwenzake anaanguka naye. Ni gazi hiyohiyo. Basi mutu ambaye hawezi kukubali motere ndani ya shimo, namna gani anakubali mbabula ndani ya chumba cha watoto wake?

Wengine wanasema: weka beseni ya maji karibu ya moto. Wengine: kunywa maziwa. Hayo hayazuii gazi hii hata kidogo. Dirisha lililofunguliwa kidole kimoja halitoshi. Sheria ni moja: moto wa makala unabaki inje. Ni vilevile kwa mashini ya umeme: kama iko chini ya dirisha lako, omba chumba kingine.

Ukiona wenzako wanalalamika kichwa pamoja, wote katika chumba kimoja, usifikiri ni malaria. Fungua kila kitu, toa watu wote inje kwenye hewa, kisha wapeleke hospitali wapewe oksijeni. Usingoje asubuhi.

Na baridi je? Omba blanketi la pili. Omba maji ya moto, yatie katika chupa ngumu inayofungika vizuri, ifunge na kitambaa, uiweke miguuni. Watoto walale katikati ya wazazi. Vaeni soksi na kofia. Kunyweni chai ya mulemule Rungwe, yenye maziwa, mbele ya kulala. Babu zetu walipita usiku wa baridi kwa kukaribiana.

Tena, kabla hamujalipa, uliza swali hili: « Wageni wakisikia baridi, munafanya nini? » Akijibu: « Tunaongeza blanketi », umepata nyumba. Akijibu: « Tunaleta jiko », mwambie kwa upole ulichosoma hapa. Pengine utaokoa wageni watakaokuja nyuma yako.

NENO KWA VIJANA

Wewe kijana unayekwenda kwa masomo, kwa kwaya ao kutafuta kazi, usione haya kuuliza. Umaskini si kosa, lakini kulala pahali popote kwa kuogopa kuuliza ni kosa. Fika mbele ya giza. Stendini usimfuate wa kwanza anayekukamata mkono. Uliza mama anayeuza chakula, ao duka la dawa. Hao wanajua nyumba nzuri na nyumba mbaya. Binti, mwambie mutu mmoja wa kwenu kwa telefone jina la gesti na namba ya chumba. Na kama umefika usiku sana ao uko mugonjwa, usihesabu falanga: chukua nyumba kubwa yenye taa na mlinzi, hata ikizidi bei. Kesho utatafuta ya bei yako.

ASUBUHI

Usiku umepita. Mulifungua dirisha kidogo, blanketi zilitosha, watoto walilala kama mawe. Mvua imekatika, mlima Rungwe unaonekana. Mwenye nyumba anakuja na chai. Kwa lugha ya Wanyakyusa, wenyeji wa pale, salamu ni Ugonile, na kwa heshima ao kwa wengi Mugonile. Maana yake ni hii: mumelala? Mzazi anayejua kujibu ndiyo kwa swali hilo, yeye na watoto wake wote, alichagua vizuri.

Sasa ondokeni. Mujukuu anawangojea.