Kifua Mwambaoni: Mafunzo ya Watafiti na Pengo la Afya Kigoma

Virusi vinavyoshambulia njia ya hewa ni vilevile karibu kila mahali: influenza, korona, RSV, HMPV na vingine. Kinachotofautiana ni hatima ya mgonjwa. Mwaka 2019 RSV peke yake ilikadiriwa kuua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka 5 duniani, na zaidi ya asilimia 97 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Taaluma ya usawa wa afya huchunguza pengo la namna hiyo: limetoka wapi, linapimwaje na linazibwaje.

Mkoa wa Kigoma, uliokuwa na watu karibu milioni 2.5 katika sensa ya 2022, una vyanzo vingi vya pengo hilo. Mkazi wa Ujiji au Mwanga, mjini Kigoma, hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni kwa bajaji au bodaboda. Kusini mwa mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika vijiji vya Wilaya ya Uvinza kama Buhingu na Kalya, mgonjwa aghalabu hupelekwa kwa boti, na boti husubiri mafuta, nauli na ziwa litulie. Majumbani, moshi wa kuni huwadhuru watoto wanaoshinda jikoni na mama zao. Wilayani Kasulu ipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo na kupokea Warundi wengi kuanzia 2015. Katika makazi yaliyosongamana kiasi hicho, virusi vya kifua huenea kwa urahisi.

Kulipima pengo ni kugumu kuliko kulitaja. Takwimu nyingi huanzia kwenye rejesta ya hospitali, na rejesta haimwandiki aliyeshindwa kufika. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanzishwa 1989 kimekuwa kikifuatilia tangu 2000 kaya za eneo lenye watu zaidi ya 250,000. Kwa kulinganisha orodha ya kaya na kumbukumbu za wodi, watafiti walionyesha kuwa idadi ya watoto wanaolazwa hupungua kadiri nyumba zinavyokuwa mbali na hospitali. Anayesoma kumbukumbu za wodi peke yake anaweza kudhani vijiji vya mbali vina nafuu, kumbe wagonjwa wake hawajahesabiwa.

Kosa jingine hutokana na dalili. Homa na kupumua haraka huonekana katika malaria na katika nimonia pia, na pasipo kipimo cha maabara kama PCR, kirusi hakijulikani. Vifaa navyo vina upendeleo wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulibaini kuwa kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Mtafiti asiyelijua hilo anaweza kumwandika mgonjwa mahututi kuwa hana shida.

Mwambao huu wenyewe umewahi kutoa somo. Mwaka 2006 ugonjwa wa kifua ulizuka kati ya sokwe mtu wa Hifadhi ya Milima ya Mahale na kuua baadhi yao. Vipimo vilionyesha virusi vya HMPV vyenye uhusiano na vile vya binadamu, na leo wageni wanaokwenda kuwatazama sokwe hao huvaa barakoa. Tukio hilo lilithibitisha kwamba hata sampuli za mahali pasipofikika kwa urahisi zinaweza kufika maabara, mradi wawepo watu waliofunzwa na fedha za kazi hiyo.

Watu hao huandaliwa. Tangu 2008 Tanzania ina programu ya mafunzo ya epidemiolojia na maabara kwa vitendo, inayoendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na washirika, wakiwamo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili husoma miaka 2, na sehemu kubwa ya muda huo yuko uwandani akichunguza milipuko na kuchambua takwimu. Kwa watumishi wa ngazi ya wilaya ipo kozi fupi ya miezi michache.

Mafunzo yanayozingatia usawa huongeza stadi mahususi. Ya kwanza ni kuanza hesabu kwenye kaya, si kwenye geti la hospitali. Ya pili ni kutunza sampuli: ute wa puani huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 na kwa kawaida hutakiwa kufika maabara ndani ya siku 3, jambo linalodai barafu na ratiba ya boti. Ya tatu ni ridhaa. Mkimbizi anaweza kuogopa kwamba akikataa kushiriki atanyimwa mgao, kwa hiyo aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kirundi au Kibembe, kuwa kukataa hakumpunguzii chochote. Ya nne ni kuchambua takwimu kwa umbali, kipato na jinsia, maana wastani wa mkoa huficha tofauti za vijiji. Mwisho ni kurudisha matokeo kwa wanakijiji waliotoa sampuli.

Faida ya stadi hizo ilionekana Kilifi. Patrick Munywoki na wenzake walifuatilia kaya 47 kwa miezi 6, wakichukua sampuli za puani mara 2 kwa wiki. Matokeo yao ya 2014 yalionyesha kuwa wachanga wengi walioambukizwa RSV nyumbani waliletewa na kaka na dada zao, hasa wanaosoma shule.

Majibu ya namna hiyo yanahitajika Kigoma sasa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chanjo ya RSV kwa wajawazito kuanzia wiki ya 28, ili mtoto azaliwe akiwa na kinga. Chanjo hiyo inahitaji friji, na inahitaji mama aliyehudhuria kliniki kwa wakati. Ni wangapi mwambaoni watakaoikosa, na kwa sababu gani, ni swali la utafiti. MUHAS imekuwa ikijenga kampasi mkoani Kigoma kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuimarisha elimu ya juu. Ikiwafunza vijana wa mkoa huo stadi hizi, swali hilo litajibiwa na watu wanaoijua njia ya kwenda Kalya.