Bendi ikivunjika kisha ikarudi: kwa nini mashabiki hufurahi na kununa kwa wakati mmoja?

Mwanzoni mwa mwaka 1993, Black Francis, mwimbaji na kiongozi wa bendi ya Pixies ya Boston, Marekani, alihojiwa na redio moja ya BBC. Katika mahojiano hayo akatamka kwamba bendi imekwisha. Wenzake walikuwa bado hawajaambiwa. Mpiga gitaa Joey Santiago alipigiwa simu baadaye. Mpiga besi Kim Deal na mpiga ngoma David Lovering walipata habari kwa faksi.

Aprili 2004, miaka 11 baadaye, watu hao hao wanne walipanda jukwaa moja katika ukumbi mdogo mjini Minneapolis. Kutoka hapo walizunguka Marekani, Kanada na Ulaya, wakijaza kumbi kubwa kuliko zile walizozoea kabla ya kuvunjika.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kila tunapopiga zilipendwa katika kipindi chetu, ujumbe wenu hugawanyika pande mbili. Wapo wanaosema, "Hawa wangerudi hata kwa usiku mmoja tu." Na wapo wanaosema, "Waacheni, wasije wakatuharibia kumbukumbu." Mabishano haya si ya kwetu peke yetu. Mashabiki wa roki ya indie huko Marekani na Uingereza wamekuwa nayo kwa zaidi ya miaka 20, na kisa chao kinatufundisha mengi.

Roki ya indie ni nini?

Roki ni muziki wa magitaa ya umeme, besi na ngoma. Jina "indie" limetoka kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Katika miaka ya 1980, bendi nyingi changa zilirekodi na kampuni ndogo, mbali na makampuni makubwa ya muziki. Zilizunguka kwa gari dogo, zikapiga kwenye kumbi ndogo, na nyimbo zao zikasambaa kupitia redio za vyuo na kanda ambazo marafiki walirekodiana.

Kwa hiyo shabiki wa indie hakuwa mnunuzi tu. Alijiona kama mtu aliyeigundua bendi, akaitunza na kuwaonyesha wengine. Hapo ndipo penye mzizi wa hisia tutakazozieleza. Kitu ulichokiona ni chako, mwenzako akikirudisha sokoni kwa bei kubwa, lazima moyo ushtuke.

Kwa nini bendi hurudi?

Sababu ya kwanza ni fedha, na hakuna haja ya kuificha. Mwaka 1999 ulianza mtandao wa Napster, watu wakaanza kuchukua nyimbo kwenye intaneti bila kulipa. Mauzo ya albamu yakashuka kwa miaka mingi. Leo watu wengi husikiliza kwa programu za simu, na kila wimbo unaposikilizwa mwanamuziki hupata kiasi kidogo sana. Fedha iliyobaki ya uhakika ni ya jukwaani. Wakati huo huo yalikua matamasha makubwa kama Coachella ya California, ambayo yanahitaji kila mwaka jina la kuvuta watu. Bendi iliyovunjika ikirudi ni jina la aina hiyo. Pixies walikuwa Coachella mwaka ule ule wa 2004 walioungana.

Sababu ya pili ni kwamba baadhi ya bendi hukua zikiwa zimekufa. Pixies hawakuwa na mauzo makubwa Marekani walipokuwa pamoja. Lakini Kurt Cobain wa Nirvana alikiri hadharani kwamba alipotunga wimbo wake uliotikisa dunia alikuwa akijaribu kuwaiga Pixies. Kisha mwaka 1999 filamu ya Fight Club ilimalizika kwa wimbo wao "Where Is My Mind?". Kizazi kipya kikaanza kuwatafuta wakati wao wameshatawanyika, Lovering akifanya maonyesho ya mazingaombwe.

Sababu ya tatu ni umri. Ugomvi wa vijana wa miaka 25 waliobanana kwenye gari moja miezi sita si ugomvi wa watu wazima wenye watoto. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao.

Kwa nini wengine hufurahi?

Fikiria kijana aliyezaliwa mwaka 1995. Bendi ya Pavement, iliyoanzia Stockton, California mwaka 1989, ilipiga onyesho lake la mwisho London Novemba 1999. Usiku huo mwimbaji Stephen Malkmus alitundika pingu kwenye kishikio cha maikrofoni, akisema hivyo ndivyo kuwa ndani ya bendi kulivyo. Kwa kijana wetu, mlango ulifungwa akiwa na miaka minne.

Pavement wakarudi mwaka 2010, kisha tena 2022. Katikati ya ziara hizo likatokea jambo la ajabu. Wimbo wao "Harness Your Hopes", ambao mwaka 1999 haukupata hata nafasi kwenye albamu, ukawa wimbo wao unaosikilizwa kuliko wote kwenye Spotify. Programu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiupendekeza kwa wasikilizaji, na vijana wakaupeleka TikTok. Kwa vijana hao, bendi kurudi si kufukua kaburi. Ni mara yao ya kwanza kuiona kwa macho.

Ipo pia furaha ya kusubiri ikalipwa. My Bloody Valentine, bendi iliyoanzia Dublin, ilitoa albamu ya Loveless mwaka 1991, kisha ikanyamaza. Mwaka 2008 walirudi jukwaani, wakipiga kwa sauti kubwa kiasi kwamba watazamaji waligawiwa vizibo vya masikio. Mwaka 2013 wakatoa albamu mpya, baada ya miaka 22. Watu wengi walioisikia waliona haikuwa na aibu mbele ya ile ya zamani.

Na kwa nini wengine hununa?

Tumeona malalamiko manne yanayojirudia.

La kwanza ni bei. Oasis, bendi ya ndugu wawili wa Manchester, Liam na Noel Gallagher, ilivunjika Agosti 2009 baada ya ugomvi nyuma ya jukwaa mjini Paris. Agosti 2024 wakatangaza kurudi, na ziara ikaanza Cardiff tarehe 4 Julai 2025. Tiketi zilipoanza kuuzwa, watu walikaa kwenye foleni ya mtandaoni kwa saa nyingi. Walipofika mbele, baadhi yao wakakuta tiketi ya kusimama iliyotarajiwa kuwa karibu pauni 150 imepanda hadi karibu pauni 350. Mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza ilifungua uchunguzi kuhusu jinsi tiketi zile zilivyouzwa. Mtu aliyekuwa kijana wa mtaani wakati nyimbo zile zinatoka, nyimbo zilizosifu maisha ya watu wa kawaida, alijiuliza kama bado zinamhusu.

La pili ni anayekosekana. Turudi kwa Pixies. Mwaka 2013, bendi ikiwa inarekodi nyimbo mpya, Kim Deal aliondoka. Bendi ikaendelea na wapiga besi wengine, na albamu mpya ikatoka 2014. Kwa mashabiki wengi, besi na sauti ya Deal ndizo zilizokuwa moyo wa bendi. Jina kwenye bango ni lile lile, lakini je, ni bendi ile ile?

La tatu ni kuagwa mara mbili. Tarehe 2 Aprili 2011, LCD Soundsystem ya New York ilipiga onyesho la kuaga katika ukumbi wa Madison Square Garden. Walanguzi walizoa tiketi nyingi, bendi ikaongeza maonyesho mengine ili mashabiki wa kweli wapate nafasi. Watu walisafiri kutoka mbali, wakalia, na filamu ikatengenezwa kuhusu usiku huo. Karibu miaka mitano baadaye, Januari 2016, bendi ikatangaza kwamba inarudi. Kiongozi wake James Murphy ilibidi aandike barua ndefu kwa mashabiki waliojiona wamechezewa. Hasira yao inaeleweka. Ukienda kumzika mtu, ukachanga na ukalia, kisha ukakutana naye sokoni, utafurahi yu hai, lakini utataka pia maelezo. Hata hivyo albamu waliyotoa 2017 ilishika nafasi ya kwanza Marekani, jambo ambalo hawakulipata kabla ya kuaga.

La nne ni gumu kulisema, maana haliwahusu wanamuziki bali sisi wenyewe. Unapowaona wamezeeka, unajiona. Wimbo uliokuwa wako ukiwa na miaka 19 unaimbwa na mtu mwenye mvi, na wewe unayeitikia una mvi pia. Baadhi ya watu hawataki kioo hicho.

Wasiorudi je?

Wapo waliokataa. The Smiths wa Manchester walivunjika 1987 na hawakuungana tena. Mpiga besi wao Andy Rourke alifariki Mei 2023, na kwa hilo mlango wa kurudi wote wanne ukafungwa kabisa. R.E.M. walitangaza mwisho mwaka 2011 kwa maelewano. Juni 2024 wote wanne walisimama pamoja na kupiga wimbo mmoja tu kwenye hafla ya kutuzwa mjini New York. Hakuna ziara iliyofuata.

Mashabiki wa bendi hizi nao wana maumivu yao. Kumbukumbu imebaki safi, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Kwetu hali ikoje?

Wapenzi wa muziki wa Kongo wanayajua haya. Wenge Musica ilipogawanyika Desemba 1997, JB Mpiana upande wake na Werrason upande wake, hata mashabiki waligawanyika, na mabishano ya nani zaidi yalifika hadi vibanda vya chai huku kwetu. Tarehe 30 Juni 2022 walipanda jukwaa moja katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa. Katika ujumbe wetu tulisoma furaha na manung'uniko kwa pamoja, kama tulivyoeleza hapo juu. Indie na rumba ni miziki tofauti, lakini mashabiki ni walewale.

Ufanye nini bendi yako ikirudi?

Hatuwezi kukuambia uende au usiende. Ila kabla hujatoa kiingilio, jiulize mambo matatu.

Kwanza, nani hasa yuko jukwaani? Soma bango vizuri. Wakati mwingine jina ni la bendi lakini aliyebaki ni mmoja. Pili, kiingilio hicho kinatoka wapi? Kama ni ada ya mtoto, nyimbo za zamani utazisikia redioni bila kulipa kitu. Tatu, unakwenda kutafuta nini? Ukienda kutafuta ujana wako, hutaupata, maana hawa nao wameupoteza. Ukienda kuwasikiliza watu wazima wakipiga nyimbo walizotunga utotoni, na wakati mwingine wakizielewa kuliko zamani, unaweza kurudi nyumbani umeshiba.

Na ukiamua kubaki na kanda yako, pia hujakosea.

Tuandikie ujumbe mfupi kama kawaida: ni bendi gani ungependa irudi, na ni ipi ungependa ibaki ilivyo? Tutazisoma sababu zenu hewani kwenye kipindi cha zilipendwa, na tutapiga nyimbo za pande zote mbili.