Anotesheni na Msomaji Wake Katika Java

Katika Java, klasi ni maandishi yanayoeleza aina ya kitu ambacho programu itakiunda, pamoja na data zake na methodi zake, yaani kazi ambazo kitu hicho kinaweza kuzitenda. Na tangu toleo la 5, lililotoka mwaka 2004, mwandishi wa programu ameweza kubandika juu ya klasi au methodi alama inayoanza na @, iitwayo anotesheni. Alama hiyo haitendi jambo lolote yenyewe: ni sawa na lebo ya gunia la forodhani, ambayo hailibebi gunia wala hailifungui, bali humngoja anayejua kuisoma.

Usomaji huo mara nyingi hufanywa kwa rifleksheni, yaani uwezo wa programu, ikiwa tayari inaendeshwa, kuikagua klasi ambayo mwandishi wa programu hiyo hakuwahi kuiona, ikaorodhesha methodi zake, ikauliza kila moja ina anotesheni gani, kisha ikaiita ile inayotakiwa. Kwa mfano, maktaba ya majaribio ya JUnit hapo awali ilizitambua methodi za majaribio kwa majina yaliyoanza na test, hivi kwamba aliyeandika tset kwa bahati mbaya, jaribio lake lilirukwa kimyakimya huku mengine yakifaulu. Toleo la 4, la mwaka 2006, lilileta @Test, na kosa la tahajia katika anotesheni hiyo hukamatwa na kompaila, programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa.

Wengi hujikwaa kwenye uhai wa anotesheni, ambao hutangazwa kwa anotesheni nyingine, @Retention. Ile ya SOURCE, mfano @Override, huishia kwa kompaila. Ya CLASS huandikwa katika faili la klasi bila kuifikia rifleksheni. Ya RUNTIME pekee ndiyo husomeka programu inapoendeshwa. Asiyetangaza lolote hupewa CLASS, uamuzi ambao ni vigumu kuutetea, kwa kuwa methodi ya getAnnotation itamrudishia null, yaani patupu, bila onyo, naye atahangaika na msimbo unaosoma ilhali kasoro imo katika tamko la anotesheni yenyewe.

Urithi, yaani klasi moja (mtoto) kujengwa juu ya nyingine (mzazi), nao una mtego wake: klasi mtoto huhesabiwa kuwa na anotesheni ya klasi mzazi iwapo tu anotesheni hiyo ilitangazwa kwa @Inherited, na hata hapo, methodi iliyoandikwa upya katika klasi mtoto hairithi anotesheni yoyote ya methodi ya mzazi.